Ini la Mama, Jeni ya Mtoto

Kwa wanawake wale, mambo yalianza kwa kutapika. Mimba ilikuwa imeshaingia miezi ya mwisho, wakati ambapo kichefuchefu cha mwanzo kimekwisha kusahaulika, kisha ghafla chakula kikawa hakikai tumboni. Yakafuata maumivu chini ya mbavu za kulia, kichwa kuuma, kiu isiyokatika, na baada ya siku chache macho yakawa ya manjano. Wengi walijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kisha wao wenyewe wakaanza kuvuja damu isiyoganda, wakachanganyikiwa, wakapoteza fahamu, wakafa.

Maiti zao zilipelekwa kwa Harold Leeming Sheehan, daktari aliyeanza kuongoza utafiti katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, Scotland, mwaka 1935. Ndiye Sheehan yuleyule ambaye wanafunzi wa udaktari humjua kwa ugonjwa unaobeba jina lake, ule wa tezi ya pituitari kufa baada ya mzazi kuvuja damu nyingi. Kila alipofungua tumbo la marehemu wa aina hii, alilikuta ini limesinyaa, laini, la manjano. Akikata kipande chembamba na kukiweka chini ya hadubini, aliona seli zimejaa matone madogo madogo ya mafuta, mithili ya povu, na kiini cha kila seli kikiwa bado kimetulia katikati.

Hicho kiini kilichotulia ndicho kilichomfikirisha. Madaktari wa enzi hizo walikuwa na washukiwa wawili. Wa kwanza ni kile walichokiita kunyauka kwa ini, jina lililofunika karibu kila namna ya ini kuharibika kwa kasi. Wa pili ni klorofomu, dawa ya usingizi ambayo James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi mwaka 1847 kuwapunguzia uchungu, na ambayo kwa wengine iliunguza ini siku kadhaa baada ya kuivuta. Katika hali zote mbili seli za ini hufa. Kwa wanawake hawa seli hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimeelemewa na mafuta. Makala aliyoichapisha mwaka 1940 iliutenga ugonjwa huu na hali hizo mbili, na tangu hapo ukatambulika kuwa ni wa peke yake: ini kujaa mafuta kwa ghafla wakati wa ujauzito.

Ukiisoma historia hii leo unatamani umnong'oneze Sheehan swali moja: na watoto, je? Wale waliozaliwa hai walikwenda wapi, na waliishi muda gani? Yeye alikuwa na mwili wa mama mezani. Mtoto alikuwa wodi nyingine, kwa daktari mwingine, katika faili lingine. Ingepita nusu karne kabla ya mtu kuyafungua mafaili hayo mawili kwa pamoja. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hapa msemo huo ulikuwa wa kweli kwa namna ambayo hakuna daktari aliyeiwazia.

Kwa muda mrefu kuugua maradhi haya kulikuwa karibu sawa na kuhukumiwa kifo. Kabla ya mwaka 1980, kati ya kila akina mama 4 walioandikwa vitabuni, 3 hivi walikufa, na watoto wao vilevile. Kilichobadilisha hali hakikuwa dawa mpya. Madaktari waligundua kwamba mama akizalishwa mapema, kwa kuanzishiwa uchungu au kwa upasuaji, ini huanza kujirudi lenyewe baada ya siku chache, maana seli zake hazijafa, kama Sheehan alivyoona. Mwaka 1982 kundi la hospitali ya Royal Free ya London, akiwemo Sheila Sherlock aliyekuwa bingwa mkubwa wa maradhi ya ini duniani, lilichapisha habari za wagonjwa wake 12, na ikadhihirika kwamba mtu anaweza kupona kabisa. Baadaye wachunguzi wa Uingereza walipofuatilia nchi nzima walipata akina mama 57 katika uzazi wa zaidi ya milioni moja, na aliyefariki alikuwa mmoja. Kutoka watatu kati ya wanne hadi mmoja kati ya hamsini na saba, na silaha kubwa ikiwa ni kumtoa mtoto kwa wakati, kumpa mama sukari ya mishipani na kumwongezea damu.

Mwaka huohuo wa 1982, Louis Weinstein wa Marekani aliueleza ugonjwa jirani akauita HELLP: chembe nyekundu za damu hupasuka, ini huumia, na chembe sahani zinazogandisha damu hupungua. Huu ni ndugu wa karibu wa kifafa cha mimba na hutokea mara nyingi zaidi kuliko ini kujaa mafuta. HELLP na ini kujaa mafuta hufanana kiasi kwamba hata bingwa huweza kuyachanganya.

Chanzo, hata hivyo, kilibaki gizani. Akina mama walipona wakaenda nyumbani na vichanga vyao, na hospitali ikafunga faili.

*

Sasa tuliache ini la mama tuugeukie upande wa pili wa habari hii, unaoanzia kwenye nepi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Archibald Garrod, daktari wa London, aliwachunguza watoto ambao mkojo wao ulibadilika rangi kuwa mweusi ukikaa kwenye hewa. Familia moja ilikuwa na watoto wa aina hiyo, na mama alipopata mimba nyingine Garrod aliwaomba walezi wazitazame nepi za mtoto tangu siku ya kwanza. Mtoto alizaliwa Machi 1901, na haikuchukua siku nyingi nepi zikawa na madoa meusi. Kumbe hali ile haikuwa maambukizi ya kupatikana baadaye. Mtoto alikuja nayo. Garrod aliona pia kwamba wazazi wa watoto hao mara nyingi walikuwa binamu. Akaeleza kwamba mwili wa mtoto umekosa uwezo wa kufanya hatua moja tu katika kuchakata chakula, na kwamba upungufu huo hurithiwa. Mihadhara yake ya mwaka 1908 ndiyo iliyolipa kundi hili la maradhi jina lake, kasoro za kuzaliwa nazo katika uchakataji wa chakula mwilini.

Wakati huohuo Mjerumani Franz Knoop alikuwa akiwalisha mbwa mafuta aliyoyatia alama, yaani alifunga kipande cha kemikali kisichoyeyushwa na mwili kwenye mkia wa kila asidi ya mafuta, kisha akaangalia kinachotoka kwenye mkojo. Mwaka 1904 alionyesha kwamba mwili hauyachomi mafuta kwa mkupuo. Huyakata vipande viwili viwili vya kaboni, kama mtu anayepunguza muwa pingili kwa pingili. Kila mkato una vimeng'enya vyake. Kikikosekana kimoja, muwa hukwama njiani.

Mwaka 1934 huko Norway, mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa amechoka kuzunguka kwa madaktari. Watoto wake wawili, Liv na Dag, walizaliwa wazima lakini akili zao hazikukua, na mkojo wao ulikuwa na harufu ambayo yeye aliisikia na madaktari wakaipuuza. Hakukata tamaa. Mwishowe akafika kwa Asbjørn Følling, tabibu aliyesomea pia kemia. Følling alidondosha kloridi ya chuma kwenye mkojo wa Liv akitarajia ubaki na rangi ya kawaida au uwe mwekundu wa kahawia. Ukawa wa kijani. Kutokana na kijani kile uligunduliwa ugonjwa wa fenilketonuria, na kutokana na ugonjwa huo ukazaliwa utaratibu wote wa kuwapima vichanga unaofanywa leo duniani. Mimi humwona Borgny Egeland kuwa mmoja wa wagunduzi, hata kama jina la ugunduzi limekwenda kwa daktari. Pua ya mama ilitangulia.

Wanawe, kwa bahati mbaya, walikuwa wamechelewa. Ndilo jambo lililomuuma Robert Guthrie wa Buffalo, Marekani. Alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ulemavu wa akili, na mpwa wake aligundulika na fenilketonuria baada ya ubongo kuharibika tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Guthrie alibuni njia ambayo hata zahanati ndogo ingeiweza: choma kisigino cha kichanga, dondosha matone ya damu kwenye karatasi nene ya kunyonya, iache ikauke, itume kwa posta. Maabara hukata kiduara cha karatasi na kukiweka juu ya bakteria ambao hawawezi kukua isipokuwa damu ina kwa wingi kemikali inayorundikana katika ugonjwa huu. Bakteria wakistawi, mtoto ni mgonjwa na bado kuna nafasi ya kumwokoa kwa kumbadilishia chakula.

Karatasi hiyo msomaji huenda ameiona. Ndiyo ileile manesi wa kliniki zetu za mama na mtoto wanaitumia kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wa wiki sita. Nesi hupasha kisigino joto, hukifuta kwa spiriti, hukichoma pembeni, hufuta tone la kwanza, kisha huacha damu ijaze viduara kimoja baada ya kingine bila kuigusisha ngozi kwenye karatasi. Halafu huilaza ikauke kwa saa kadhaa kabla ya kuifunga kwenye mfuko. Uganda iliitumia akiba ya karatasi hizo, karibu sampuli 100,000, kujua watoto wangapi nchini wanabeba selimundu. Karatasi ya Guthrie imeshafika kwetu zamani. Tunachoisomea ndicho bado kidogo.

*

Pande hizi mbili zilikutana Sydney, Australia.

Mwaka 1989 Ronald Wanders na wenzake wa Amsterdam walikuwa wameeleza kisa cha kichanga aliyefariki ghafla kwa kukosa kimeng'enya kimoja cha ile safari ya kukata mafuta. Jina lake refu hufupishwa kuwa LCHAD, na kazi yake ni hatua ya tatu katika mkato wa mafuta marefu. Miaka mitatu baadaye Wajapani walionyesha kwamba kimeng'enya hiki hakiishi peke yake. Ni sehemu ya protini moja kubwa yenye kazi tatu, iliyojichimbia kwenye utando wa mitokondria.

Huko Sydney walimpata mama ambaye ini lake lilijaa mafuta katika ujauzito zaidi ya mmoja. Hilo peke yake liliwashtua, kwa kuwa vitabu vilifundisha kwamba ugonjwa huu haurudi. Wakati huu mtu alifungua faili la mtoto. Makala ya mwaka 1991 ya Schoeman, Batey na Bridget Wilcken iliripoti kwamba mtoto wa mama huyo alikuwa na kasoro ya kurithi katika kuchoma mafuta. Wilcken alikuwa daktari wa maradhi ya kurithi ya watoto, na bila shaka ndiyo maana akauliza swali ambalo madaktari wa ini na wa uzazi hawakuwa wameliuliza. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakaeleza akina mama wengine wa watoto wenye upungufu wa LCHAD ambao nao waliugua ini wakiwa wajawazito. Mwaka uliofuata William Treem wa Marekani akaongeza ushahidi. Halikuwa tena jambo la kubahatisha.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1999. Jamal Ibdah na Arnold Strauss na wenzao walichunguza jeni za watoto 24 wenye kasoro katika protini ile ya kazi tatu. Watoto 19 walikosa LCHAD peke yake, na wote walikuwa na badiliko lilelile la jeni, walau katika nakala moja: herufi moja, kwenye nafasi ya 1528, iliyopaswa kuwa G ikawa C. Kati ya mama zao, asilimia 79 waliugua ini kujaa mafuta au HELLP walipokuwa na mimba za watoto hao. Watoto 5 waliobaki walikosa protini nzima, hawakuwa na badiliko hilo, na hakuna hata mmoja kati ya mama zao aliyeugua ini. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo. Herufi moja katika mwili wa mtoto ambaye hajazaliwa inaweza kumlaza mama yake kitandani.

Inawezekanaje? Mtoto mgonjwa amerithi nakala mbili mbovu za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mama mwenyewe ana nakala moja nzima na moja mbovu, nayo moja humtosha maisha yake yote. Huenda asijue kamwe. Kondo la nyuma, ambalo tumezoea kuliona kama mali ya mama, kwa sehemu kubwa ni mwili wa mtoto na lina jeni za mtoto. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba kondo nalo huchoma mafuta kupata nguvu. Kondo lisilo na LCHAD huanza kuyakata mafuta, hukwama katikati, na mabaki yenye sumu hudhaniwa kuvuka na kuingia katika damu ya mama. Miezi ya mwisho ya mimba ndiyo mwili wa mama hutoa mafuta mengi zaidi kwenye damu. Ini lake lenye nusu ya uwezo linapokea mzigo wake na wa mwanawe. Linaelemewa. Kondo lile likitoka, kwa kujifungua, mzigo unakoma. Kwa hiyo tiba waliyoigundua madaktari wa awali kwa uzoefu ilikuwa sahihi hata kabla hawajajua sababu.

Isidhaniwe kwamba kila mama mwenye ugonjwa huu ana mtoto wa namna hiyo. Kundi la Ibdah lilipowachunguza akina mama 27 mwaka 2002, waliokutwa na mtoto mwenye kasoro walikuwa 5. Wala isidhaniwe kuwa kila mjamzito mwenye macho ya manjano ana ini la mafuta. Kwetu Afrika Mashariki mkunga ana sababu ya kufikiria kwanza malaria kali, kifafa cha mimba, na homa ya ini aina E, inayoenea kwa maji machafu na huua wajawazito kuliko watu wengine. Mlipuko wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kati ya 2007 na 2009 uliwapata watu zaidi ya 10,000.

Lakini watano kati ya ishirini na saba si wachache pale maisha ya mtoto yanapotegemea kujulikana. Mtoto asiye na LCHAD huzaliwa akionekana mzima. Ananyonya, anakua. Siku ya hatari ni ile anapopata homa au kuhara akakataa titi, au anapolala usiku mrefu bila kula. Sukari ya damu ikiisha mwili hugeukia mafuta, na kwake mlango wa mafuta umefungwa. Analegea, anapata degedege, moyo unashindwa. Asubuhi majirani husema mtoto alilala tu hakuamka, na wengine huanza kumtafuta mchawi.

Akijulikana mapema, matunzo ni ya kawaida kwa kiasi cha kushangaza: asikae na njaa, alishwe hata usiku, mafuta ya kawaida yapunguzwe sana, na apewe mafuta maalumu ya mnyororo wa kati ambayo hayahitaji LCHAD ili kuchomwa. Mafuta hayo hutengenezwa viwandani kutokana na nazi na kokwa za mawese. Tahadhari kwa ndugu zangu wa pwani: mafuta ya nazi ya jikoni si dawa hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake ni marefu mno kwa mtoto huyu. Akiwa mgonjwa na hali chakula, anahitaji sukari ya mishipani hospitalini bila kuchelewa. Hata hivyo matunzo hayaondoi kila kitu. Macho na mishipa ya fahamu huweza kudhoofika miaka inavyokwenda.

Mwaka 1990 David Millington wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba mashine moja inayopima uzito wa molekuli inaweza kusoma tone lile la Guthrie na kutambua kasoro nyingi kwa mara moja, zikiwemo za kuchoma mafuta. Mwaka 1998 jimbo la New South Wales, Australia, likaanza kuwapima vichanga wake kwa mashine hiyo, na aliyeongoza kazi ni Bridget Wilcken yuleyule. Finland, ambako mtu 1 katika 240 hubeba ile herufi iliyobadilika, ina kila sababu ya kufanya hivyo.

Mashine ni ghali. Kalamu si ghali. Tanzania mjamzito ana kadi yake ya kliniki, na mtoto akizaliwa hupewa kadi nyingine, ya ukuaji. Kenya wameziunganisha habari za mama na mtoto katika kijitabu kimoja, jambo la busara. Penye kadi mbili, ugonjwa wa mama hubaki kwenye kadi ya mama, ambayo baada ya arobaini huwekwa chini ya godoro, na nesi anayempima mtoto uzito hajui lolote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Glasgow.

Kwa hiyo mama uliyewahi kuambiwa ini lako lilishindwa ukiwa mjamzito, au ulipata HELLP, omba jambo hilo liandikwe kwenye kadi ya mtoto. Mtaje pia mtoto yeyote wa tumbo lako aliyefariki ghafla akiwa mchanga, hata kama miaka imepita. Huyo uliye naye akikataa kunyonya, akitapika mfululizo, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo na useme: nilipokuwa na mimba yake niliugua ini, naomba mpimeni sukari. Na ukishika mimba nyingine, liseme hilo siku ya kwanza ya kliniki.